Kitale Ingekuwa ya Nani?

Neno "kujitenga" si geni masikioni mwetu watu wa Mwambao. Wazee wetu walilisema mwaka 1961 na 1962, walipotaka ukanda wa maili kumi usimezwe na Kenya. Wakalisema tena vijana wa MRC kwa ule usemi wao wa "Pwani si Kenya". Na mwezi wa Novemba 2017, baada ya uchaguzi uliojaa mzozo, lilitoka vinywani mwa magavana wawili wa Pwani, mmoja wa Mombasa na mwingine wa Kilifi. Basi asemaye habari ya kujitenga mbele ya Wapwani hana haja ya kuwafasiria maana yake.

Walakini liko jambo ambalo wengi wetu huku hatulikumbuki. Hatukuwa peke yetu. Mwezi wa Oktoba 1963, majuma machache tu kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa, chama cha KADU kilitishia kuigawa Kenya vipande viwili. Katika kipande chake KADU ilitaka kuitia Pwani, Bonde la Ufa na nchi za Magharibi. Yaani Malindi na Kitale, Kwale na Bungoma, zingekuwa dola moja, na Nairobi ingekuwa ugenini.

Mengi yameandikwa juu ya waheshimiwa waliokuwa London siku hizo. Machache mno yameandikwa juu ya raia aliyekuwa akipalilia mahindi huku mambo hayo yakinenwa juu ya kichwa chake. Kwa sababu hiyo nilifunga safari mpaka Kitale na Bungoma kuwauliza wazee walio hai waliionaje habari ile. Waliyonijibu nayaleta mbele ya msomaji kwa kuwa, ukiyatazama sana, yanatuhusu sisi zaidi kuliko tunavyodhani.

HOFU YA WACHACHE

Yafaa kwanza tukumbushane. KADU ilizaliwa Ngong mwezi wa Juni 1960, kiasi cha mwezi mmoja na nusu baada ya KANU. Rais wake alikuwa Ronald Ngala, mwana wa Pwani. Makamu wake alikuwa Masinde Muliro, Mbukusu wa Kimilili, na mwenyekiti alikuwa Daniel arap Moi wa Baringo. Kilichowakusanya watu hawa wa mbalimbali kilikuwa hofu. Waliogopa kwamba makabila makubwa yaliyoshika KANU yangerithi kila kitu, na zaidi ardhi ya nyanda za juu ambayo mzungu alikuwa akijiandaa kuiacha.

Dawa waliyoitaka ni majimbo, na katika mkutano wa London wa mwaka 1962 wakaipata. Katiba ya 1963 ikaigawa nchi katika majimbo saba, kila moja na baraza lake, na Nairobi ikawa peke yake. Lakini uchaguzi wa Mei 1963 ulipopigwa, KANU ilishinda. Bwana Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, na serikali yake ikaenda London mwezi wa Septemba kutaka nguvu za majimbo zipunguzwe kabla ya uhuru. Waingereza walipoanza kuegemea upande wa KANU, wenzake Ngala waliobakia nyumbani wakatangaza kwamba nchi itagawanywa. Tayari kabla ya hapo mheshimiwa mmoja wa Bonde la Ufa, William Murgor, alikuwa amewaambia watu wake wajiweke tayari kwa vita, wangojee filimbi yake.

Filimbi haikupigwa. Kenya ilipata uhuru ikiwa moja tarehe 12 Disemba 1963. Lakini kutopigwa kwa filimbi si sawa na kutokuwapo kwa hatari, na hapo ndipo wazee wa Kitale wanapoanza kusimulia.

NG'AMBO YA MTO

Kitale ni mji wa wilaya iliyoitwa Trans Nzoia, maana yake ng'ambo ya mto Nzoia. Jina lenyewe linaonyesha kwamba aliyelitoa alikuwa amesimama upande wa pili. Walowezi walijaa huko baada ya Vita Kuu ya kwanza, reli ikafika mwaka 1926, na nchi ikageuzwa mashamba makubwa ya mahindi. Hata leo mtu wa Bara akitaja mahindi hutaja Kitale, kama sisi tunavyotaja nazi na Kilifi.

Wafanyakazi wa mashamba hayo wengi walitoka upande wa Bungoma, Wabukusu, wakaja na wake zao na ng'ombe zao, wakakaa kizazi baada ya kizazi. Lakini Wakalenjin nao, hasa Wasabaot wa mlimani, husema malisho hayo yalikuwa yao kabla mzungu hajaja na kamba ya kupimia. Hata mlima wenyewe una majina zaidi ya moja. Ramani huuita Elgon, jina lililotokana na Wakony, walio tawi moja la Wasabaot. Mbukusu huuita Masaba. Ukiwasikiliza wote wawili kwa haki, kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja ana makaburi yake.

Basi KADU ilipotaka majimbo, swali la kwanza likawa: Kitale itiwe jimbo gani? La Magharibi pamoja na Bungoma, au la Bonde la Ufa pamoja na Eldoret? Hapo palikuwa na fundo, maana waliogombea hawakuwa KANU na KADU. Walikuwa KADU na KADU.

Mzee mmoja niliyemkuta karibu na soko la Kitale, ambaye mwaka 1963 alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe katika shamba alilofanyia kazi baba yake, aliniambia hivi: "Mwanangu, Muliro alikuwa wetu, na Moi alikuwa wa wenzetu, na wote chama kimoja. Wakienda Nairobi walikaa benchi moja. Lakini ikitajwa Kitale, kila mtu alikumbuka kwao."

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya mipaka ya majimbo, ikizunguka na kuwasikiliza watu. Mwisho wa yote Trans Nzoia ilibakia Bonde la Ufa, na Wabukusu wakaona wamedhulumiwa. Wasabaot wa mlimani nao, waliotaka kwenda Bonde la Ufa kwa ndugu zao, waliachwa Magharibi chini ya Bungoma, nao pia wakaona wamedhulumiwa. Kalamu moja ikaacha malalamiko pande mbili.

SWALI LA MCHUNGAJI

Nilimuuliza mzee yule: Mlipopata habari kwamba KADU inataka kuivunja nchi, mlisemaje?

Alicheka kidogo, kisha akasema kwamba watu wazima walikusanyika jioni penye redio ya karani wa shamba, na neno walilokuwa wakilirudia lilikuwa Katanga. Wakati ule Congo haikuwa habari ya mbali. Moise Tshombe aliitenga Katanga mwezi wa Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Congo, na utengano ule ukaja kuzimwa kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa mwezi wa Januari 1963. Wabeljiji waliokimbia ghasia za mwaka 1960 walikuja mbio kupitia Uganda na kuingia Kenya. Kwa hiyo mtu wa magharibi mwa Kenya alijua nini huweza kufuata nchi ikianza kukatwa.

"Baba yangu," akasema mzee, "hakusoma. Lakini aliuliza swali moja ambalo karani hakuweza kulijibu. Alisema: mimi nalala Kitale, kaka yangu yuko Kimilili, mke wangu ametoka mlimani. Wakikata, mimi nimekatwa wapi?"

Msomaji, nimesoma habari nyingi za mkutano ule wa London wa 1963, na sikuona mahali ambapo swali hilo liliulizwa. Waheshimiwa walibishana juu ya polisi, juu ya kodi, juu ya idadi ya kura za kubadilisha katiba. Mambo hayo yalikuwa na uzito wake. Lakini mpaka, kwa mchunga ng'ombe, ni ukuta unaopita katikati ya nyumba yake.

MWALIMU WA BUNGOMA

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma hupiti lango wala kizuizi chochote. Ni mahindi, kisha mahindi na miwa, vituo vya matatu, Kiminini, Kamukuywa, na lugha unayoisikia njiani ni ile ile. Huko nikakutana na mwalimu mstaafu, naye hakukubaliana na mzee wa Kitale. Ni haki hoja yake isemwe.

Yeye ashikilia kwamba majimbo hayakuwa fitina ya wakoloni, kama tulivyofundishwa shuleni. Hofu ya wachache ilikuwa ya kweli. KADU yenyewe ilijivunja tarehe 10 Novemba 1964 na wabunge wake wakavuka kuingia KANU. Nchi ikawa jamhuri mwezi uliofuata, na nguvu za majimbo zikaondolewa moja baada ya moja. Tangu hapo, asema mwalimu, mtu wa Bungoma akitaka daraja, akitaka shule, akitaka kipande cha ardhi ya walowezi, ilimbidi ajuane na mkubwa wa Nairobi.

"Kutishia kujitenga," akasema, "kulikuwa ni kelele za mtu anayenyang'anywa sahani. Hatukutaka kuondoka mezani. Tulitaka tusikiwe kabla chakula hakijaisha."

Hata hivyo nilipomuuliza kama angefurahi KADU ingalifanya kweli ilichotishia, alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba siku ya pili tu baada ya kujitenga na KANU, Wabukusu na Wakalenjin wangeanza kugombea Kitale, na wakati huo hapangekuwa tena na hakimu juu yao. Huyu ndiye mtetezi wa majimbo anenaye hivyo, si adui yake.

WALIOSHONWA NI WENGI

Huku kwetu twapenda kusema kwamba Pwani ilishonwa na Kenya kwa mkataba, na wengine walizaliwa Wakenya. Historia ya Bungoma yaonyesha vingine.

Mwaka 1895 Mwingereza alipatana na Sultani wa Unguja juu ya ukanda wetu, na mwaka huo huo alikuwa akipigana na akina Mazrui chini ya Mbaruk bin Rashid. Mwaka huo huo pia majeshi yake yaliwapiga Wabukusu katika ngome yao ya Chetambe, karibu na Webuye, na watu wengi wakafa. Isitoshe, Bungoma na Kitale hazikuwa sehemu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Zilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda, mpaka mwaka 1902 Waingereza walipouhamisha mpaka kwa maandishi. Hakuna mzee wa Kibukusu aliyeulizwa. Na mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni ya Uganda, madai yake yalitegemea ramani hizo za kale.

Kwa hiyo, mwenye kusema kwamba sisi tuliunganishwa pasipo hiari yetu anasema kweli, lakini kweli hiyo si ya Pwani pekee. Ni ya Mbukusu, ni ya Mturkana, ni ya Msomali wa Wajir ambaye alijaribu kwenda Somalia na vita vikawaka kuanzia 1963 hadi 1967. Kila mmoja katika nchi hii ana mshono wake. Tukikubali kwamba kila mshono ufumuliwe, hatutabakia na nguo ya kumsitiri yeyote.

DAMU ILIKUJA BAADAYE

Yasemwa kwamba hatari ya 1963 ilipita salama. Wakazi wa Kitale hawasemi hivyo. Mwisho wa mwaka 1991, vyama vingi viliporejea, wanasiasa wa Bonde la Ufa walilifufua neno majimbo katika mikutano yao, na mara hii lilikuwa na maana nyingine. Lilimaanisha kwamba "wageni" warudi kwao. Katika Trans Nzoia, pande za Endebess na nyinginezo, nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na maelfu wakalala makanisani na kandokando ya barabara. Kisha kutoka mwaka 2006 hadi 2008 mlima wa Elgon ukawaka moto kwa sababu ya ugawaji wa ardhi ya Chebyuk, na mara hii Wasabaot waliumizana wao kwa wao.

Mama mmoja wa makamo aliyefukuzwa mwaka 1992, akiwa na mtoto mgongoni, aliniambia kwamba aliyemchomea nyumba alikuwa jirani aliyekuwa akimkopesha chumvi. Hakusema zaidi, nami sikumsukuma.

Kitale pia iko katika njia kuu iendayo Lodwar, Lokichoggio, na Sudan Kusini. Watu wa Sudan Kusini wameishi mjini humo na kusomesha watoto huko miaka mingi. Wao walipiga kura ya kujitenga na Khartoum, na sababu zao zilikuwa nzito kuliko zetu, maana walikuwa wamezika watu wasiohesabika. Tarehe 9 Julai 2011 wakapandisha bendera yao. Disemba 2013, kabla ya miaka mitatu kutimia, wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Sisemi walikosea kutaka uhuru. Nasema kwamba mpaka mpya haukuuondoa ugomvi uliokuwa ndani ya nyumba.

NA SISI JE?

Turudi kwetu. Waliodai Mwambao walitaka ukanda wa maili kumi, kutoka mto Umba mpaka Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Ngala hakutaka hivyo. Yeye alitaka Pwani nzima iwe jimbo, na watu wake wengi waliishi nyuma ya ukanda huo. Kwa mpaka wa Mwambao, Voi ingekuwa nchi nyingine, Wundanyi vile vile, na Bamba vile vile. Mgiriama wa bara angevuka mpaka ili auze makaa na mahindi Malindi. Sisi nasi, kwa maneno mengine, tulikuwa na Kitale yetu, na hatukuwa na jawabu.

Mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza jambo hili, alishauri ukanda uungane na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963, mwezi ule ule wa vitisho vya KADU na katika mji ule ule wa London, serikali za Unguja na Kenya zilipatana. Sultani akaachia ukanda, na Kenya ikaahidi kulinda dini ya Kiislamu na mahakama za kadhi. Wako waliolia siku hiyo. Lakini tarehe 12 Januari 1964, miezi mitatu tu baadaye, Sultani mwenyewe alipinduliwa. Laiti Mwambao ungalikuwa bado chini yake, mwenye akili na apime yangalitupata nini.

Na liko jambo jingine ambalo Mwislamu yafaa alitazame. Mahakama za kadhi, ambazo zililindwa kwa ajili ya Mwambao, hazikubakia Mwambao. Sheria ya mwaka 1967 ilizipeleka mpaka nchi za Magharibi na Bonde la Ufa. Uislamu ulifika Mumias na misafara ya wafanya biashara wa Pwani, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu, kwa hiyo Waislamu wa pande zile si wapya. Baada ya sala ya Ijumaa huko Bungoma nilikaa na mzee mmoja wa jamaa, akanieleza jinsi dada yake alivyopata sehemu yake ya mirathi kwa hukumu ya kadhi. "Ninyi wa Pwani," akaniambia, "mnapotaka kwenda zenu, mnatuacha na nani?"

Sina budi kusema pia kwamba madai ya Pwani si uongo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha wengi wakiwa maskwota juu ya makaburi ya mababu zao, na serikali zilizofuata hazikuutibu ugonjwa huo. Ndiyo maana usemi wa MRC uliingia mioyoni, na mwezi wa Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba kukipiga marufuku chama hicho kulikuwa kinyume cha katiba. Kudai haki si uhaini. Tangu mwaka 2013 tuna kaunti 47, na Trans Nzoia ina serikali yake na Bungoma ina yake, kama Kilifi na Kwale. Ugomvi wa 1963 juu ya Kitale iwe chini ya nani umepata namna ya jibu bila ya filimbi. Ardhi ya Pwani ingali yangoja jibu lake, na jibu hilo tunapaswa kulidai katika mabaraza, mahakamani na kwenye sanduku la kura, kwa sauti kubwa na bila ya kuchoka.

Lakini siku atakapotokea tena wa kutuambia tujitenge, tusimpigie makofi kabla hajatuonyesha ramani. Na akiionyesha, tusiitazame rangi yake. Tumtafute kwanza mtu ambaye mstari umepita juu ya nyumba yake, aliye na kaka upande huu na wakwe upande ule, tumuulize yeye asemavyo. Msumeno hukata mbele na nyuma, na wakataji hawakosi kuwa mbali na meno yake.